Waambie Watu Wako Kabla Mkopeshaji wa Simu Hajawaambia

Swali hili limenifikia mara nyingi mno, hata najua litakavyoishia kabla sijamaliza kulisoma. Anauliza mama lishe wa Tandika, anauliza dereva wa bodaboda wa Bunju, anauliza mwalimu wa shule binafsi kule Chamazi ambaye mshahara umechelewa. Maneno yanatofautiana, jambo ni moja: "Nilikopa kwenye simu. Siku saba zimepita sijalipa. Sasa wanawatumia meseji watu wote niliowahifadhi kwenye simu, hadi bosi, hadi mkwe. Nifanyeje?"

Wengi wanataka niwaonyeshe pa kupata hela haraka. Nitafika huko, lakini hela siyo ya kwanza. Cha kwanza ni kuwapigia watu wako wewe mwenyewe, leo hii, kabla mkopeshaji hajawapigia. Najua hilo ndilo usilotaka kulisikia, na ndiyo maana nalitanguliza.

Mfikirie mkopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita kausha damu. Anakuja na karatasi, anaandika friji, televisheni, seti ya makochi. Ukikosa rejesho anakuja na guta kubeba. Mkopeshaji wa kwenye simu hajui hata mlango wako ulipo. Alichoshika ni orodha ya majina iliyo kwenye simu yako, na anajua utalipa chochote anachotaja ili mama mkwe asiione ile meseji. Ukishawaambia mwenyewe, mkono wake unabaki mtupu. Linabaki deni, na deni linazungumzika.

## Saa za kwanza, kwa mpangilio huu

1. Usizime simu wala kuvunja laini. Ukipotea hewani wanahamia kwa ndugu zako palepale, na wewe hujui wanaambiwa nini. Laini mpya haifuti deni, wala haiyarudishi majina waliyokwisha kuyanakili.

2. Hifadhi ushahidi. Fungua programu upige skrinishoti: kiasi ulichoomba, kiasi kilichoingia, tarehe, kiasi wanachodai sasa, jina la kampuni, namba yao ya kulipia, na masharti kama yapo. Tafuta na meseji ya muamala, iwe ya M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa, inayoonyesha hela ilivyoingia na jina la aliyeituma. Meseji za matusi usizifute, hata kama zinakuchoma kila ukiziona. Mtumie nakala mtu mmoja unayemwamini, maana simu huibiwa na simu hutumbukia kwenye ndoo.

3. Funga ruhusa, ndipo ufute programu. Kwenye simu nyingi za Android njia ni Mipangilio, kisha Programu, chagua ile programu, kisha Ruhusa. Zima majina, meseji, picha, kamera na mahali ulipo. Ukimaliza iondoe. Angalia usibadilishe mpangilio: ukiiondoa kabla ya hatua ya pili, ushahidi wako mwingi unaondoka nayo.

4. Waambie watu wako. Hili lina sehemu yake hapa chini.

5. Funga mlango wa WhatsApp. Ingia Mipangilio, Faragha, kisha Makundi, uchague kwamba anayeweza kukuingiza kwenye kundi ni mtu uliyemhifadhi tu. Baadhi ya wadai hufungua kundi, wakakutia wewe na jamaa zako ishirini, wakaweka picha yako yenye maandishi "mwizi". Mkitumbukizwa humo, usijibizane. Piga skrinishoti, ripoti kundi, toka, na uwaombe wenzako watoke.

## Uwaambie nini, na uanze na nani

Anza na wale ambao meseji ikiwafikia itakuumiza zaidi: mwenzi wako, mzazi, mkwe, bosi, kijumbe wa mchezo au mwenyekiti wa kikoba, mwenye nyumba. Hawa wapigie au uwaone ana kwa ana. Wengine watumie meseji fupi. Mfano huu unaweza kuunakili:

*"Salaam. Nilikopa kwenye programu ya simu na nimechelewa kulipa. Programu ilichukua majina yote kwenye simu yangu. Unaweza kupata simu au meseji ya kunitukana, au ya kukwambia wewe ni mdhamini wangu. Wewe si mdhamini. Usilipe chochote, usibishane nao. Piga picha ya meseji unitumie, kisha wazuie. Deni ni langu na nalishughulikia. Samahani kwa usumbufu."*

Usiongeze maelezo ya kujitetea. Usiombe mchango ndani ya meseji hiyo hiyo; aliyeombwa hela huiona taarifa yote kama mbinu ya kuomba hela.

Sasa pingamizi, maana najua zipo.

"Mume wangu hakujua kama nakopa. Nikimwambia ni vita." Sitakudanganya kwamba hatakasirika. Lakini lipime hivi: ataisikia habari hiyo kwako jioni mkiwa wawili, au ataisikia kwa kijana asiyemjua, saa nne asubuhi, mbele ya wafanyakazi wenzake, ikiwa imepambwa uongo? Wanawake wawili walioniandikia kutoka Mbagala walikuwa na hofu hiyo hiyo. Aliyesema mwenyewe aligombezwa siku mbili. Aliyenyamaza aliendelea kukopa programu moja kulipa nyingine kwa miezi, mpaka deni la kununulia unga na mafuta likala mtaji wote wa vitumbua. Kama nyumbani kwako kuna hatari ya kipigo, usiende peke yako. Mtangulize shangazi, somo wako au mtu mzima anayesikilizwa na mumeo, na ujue kuwa vituo vikubwa vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto.

"Bosi atanifukuza." Bosi anayepigiwa simu kumi kwa siku akiambiwa ana mwizi kazini ndiye mwenye sababu ya kukasirika. Aliyejulishwa mapema na mfanyakazi wake, mara nyingi, atasema tu "haya, wakipiga nitawakatia".

"Labda hawatawapigia." Huenda. Wapo wanaotishia bila kutenda. Lakini kila siku unayoishi kwa kutegemea huruma yao utalipa vitu usivyopaswa kulipa.

## Waliyapataje majina?

Uliwapa. Siyo kwa kutaka. Siku ya kwanza, programu iliuliza kama inaruhusiwa kusoma majina, meseji na picha, nawe ukabonyeza "Ruhusu" mara tatu kwa sababu mtoto alikuwa na homa na dirisha la dawa linafungwa. Sekunde hiyo majina yote yalinakiliwa kwenda kwao. Ndiyo maana kufuta programu leo hakuwazuii kupiga kesho. Kunazuia tu wasiendelee kuchota vipya.

Tangu tarehe 31 Mei 2023, masharti ya duka la programu la Google yanazikataza programu za mikopo binafsi kusoma majina na picha za mtumiaji. Duka hilo pia halikubali mkopo unaotakiwa kulipwa wote ndani ya siku 60 au chini yake. Kwa hiyo mikopo ya siku saba hutafuta vichochoro: tangazo la Facebook, kiungo kinachosambazwa WhatsApp, faili la kupakua nje ya duka. Ukiona simu inakuonya kwamba unapakia kitu kutoka chanzo isichokijua, halafu kitu hicho kinataka majina yako, ishia hapo.

Zipo pia programu zinazopenya ndani ya duka na kubadilika baadaye. Kuikuta dukani hakutoshi.

## Kaa chini upige hesabu

Hii ni hesabu ya mfano, lakini imeshonwa kwa namna ile ile ninayoiona kwenye skrinishoti mnazonitumia.

- Umeomba 50,000. Kimeingia 32,500. Tofauti wameita "ada ya huduma".
- Baada ya siku saba unatakiwa ulipe 53,000.
- Umetumia 32,500 kwa wiki moja, unarudisha na 20,500 juu yake. Hiyo ni zaidi ya asilimia 60 kwa wiki.

Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wasiopokea amana, kama hawa wa kwenye simu. Kwa zile 32,500, asilimia hiyo haifiki 1,200 kwa mwezi mzima.

Mtego mkubwa zaidi ni kitufe cha "ongeza muda". Unalipa, tuseme, 18,000 ili upewe siku saba nyingine. Unavuta pumzi. Wiki inayofuata unalipa tena 18,000, na inayofuata tena. Umekwishatoa 54,000, na deni la 53,000 liko palepale halijaguswa. Ukija kulilipa utakuwa umetoa 107,000 kwa hela ambayo haikununua hata gunia la mkaa.

Chukua daftari la mtoto, andika safu tatu kwa kila programu: kilichoingia, ulichokwisha kulipa, wanachodai. Nimeona watu wakilia kwenye safu ya pili, kwa sababu wanagundua walikwishamaliza kulipa kile walichopewa zamani sana.

## Nilipe au nisilipe?

Nitasema ninavyoamini. Ulichopokea ni mali ya mtu, kirudishe. Wengi wenu mmelelewa kuogopa kufa na deni, na sitaki kuwaondolea hofu hiyo. Ni hofu ya heshima. Ila kurudisha ulichopokea ni kitu kimoja, na kulipa kila namba inayotamkwa na mtu anayekutukana ni kitu kingine.

- Usilipe tena ada ya kuongeza muda. Kila shilingi iende kwenye deni lenyewe.
- Omba kwa maandishi mchanganuo: mkopo kiasi gani, riba kiasi gani, ada ya nini. Omba kwa meseji, siyo kwa simu.
- Pendekeza kiasi unachoweza na tarehe. Andika: "Nilipokea 32,500 tarehe fulani. Nimekwishalipa kiasi fulani. Nitalipa kilichobaki kwa awamu mbili." Hifadhi majibu yao.
- Lipa kwa namba ya kampuni uliyoipigia skrinishoti kwenye programu, kamwe usilipe kwa namba binafsi ya kijana anayekupigia. Wapo wanaopokea, wanapotea, na kesho anapiga mwingine akisema hujalipa.
- Usikope programu ya pili kulipa ya kwanza. Ukiwa na nguvu ya kufuata agizo moja tu katika makala haya, lifuate hili.

Kama wanadai mara mbili au tatu ya ulichopokea, tafuta ushauri wa sheria kabla ya kulipa ziada. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, hutoa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo wa kumlipa wakili.

"Wanasema polisi wako njiani na difenda." Kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai. Anayedai huenda mahakamani, anafungua shauri, unaitwa, unasikilizwa. Polisi hawatumwi na kijana wa kudai kwa meseji. Ukipewa jina la "afande" na namba yake ya simu, usibishane naye: nenda kituo chochote kilicho karibu ukaulize. Jambo linabadilika kama ulikopa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Hilo ni kosa lenyewe, na hapo mwone mwanasheria mapema.

## Wana leseni?

Mikopo ya namna hii inasimamiwa na Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo maalumu kwa wanaokopesha kidijitali, na Novemba mwaka huo ikatangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali, ikiwataka wananchi wasiyatumie. Baadhi ya majina yaliyo kwenye orodha hiyo ndiyo mnayoniandikia hadi leo, mengine yakiwa yamebadilisha herufi mbili na rangi ya nembo.

Kabla ya kukopa:

1. Tafuta jina la kampuni iliyo nyuma ya programu, siyo jina la programu. Kama halionekani popote, jibu umekwishalipata.
2. Ingia tovuti ya Benki Kuu uangalie orodha ya taasisi zenye leseni. Kama bando limeisha, mwombe kijana wa stesheneri akuchapishie ukurasa. Ni mia mbili au tatu ya kuokoa mengi.
3. Soma jumla utakayolipa na siku ulizopewa. Kama haikuonyeshi jumla kabla ya kubonyeza "Kubali", usibonyeze.
4. Soma ruhusa inazotaka. Mkopeshaji anahitaji kukujua wewe, hana haja na namba ya fundi wako wa mabomba.

Picha ya leseni iliyobandikwa kwenye tangazo haithibitishi kitu. Kadhalika sauti ya mtu maarufu kwenye video, au maoni mia tano chini yake yanayosema "asanteni nimepata".

Na mkopeshaji asiye na leseni ana ndugu yake tapeli: anayekuahidi milioni mbili bila masharti, ila kwanza utume 20,000 ya "usajili" au "bima ya mkopo". Huyo hakopeshi kabisa. Mkopeshaji wa kweli hakwambii umtumie hela ili akupe hela. Namba yake iripoti kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kupitia 15040: tuma neno UTAPELI, kisha ufuate maelekezo utakayorudishiwa.

## Pa kulalamika

"Tutalalamika kwa nani, nani atatusikiliza sisi wa Mbagala?" Mnaniuliza hivi, nami naelewa mnakotoka. Jiji limewazoesha kusubiri. Lakini lalamiko lililoandikwa vizuri lina uzito ambao kilio cha mdomo hakina, na ipo milango mitatu.

Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu halali iliyotajwa, na zisitumike kwa sababu nyingine. Kumtumia jirani yako meseji kwamba wewe ni mwizi ni matumizi mengine kabisa ya namba ya jirani huyo. Wewe unaweza kulalamika, na jirani pia anaweza, kwa sababu namba ni yake.

Benki Kuu. Andika barua fupi: jina la kampuni na programu, tarehe, kilichoingia, wanachodai, na skrinishoti. Dar es Salaam ofisi zake ziko kwenye yale majengo pacha ya Mtaa wa Mirambo, lakini si lazima ufunge safari kutoka Kongowe. Tovuti yake inaeleza njia za kuwasilisha malalamiko.

Polisi. Matusi, vitisho na picha za kudhalilisha zinazosambazwa mtandaoni zinagusa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Nenda kituo kilicho karibu nawe, kama Chang'ombe kwa walio Temeke au Oysterbay kwa walio Kinondoni, ukiwa na skrinishoti zilizochapishwa na namba zilizopiga. Hakikisha unatoka na namba ya RB. Ukiambiwa "kalipe deni lako", jibu kwa adabu kwamba hukuja kwa sababu ya deni, umekuja kwa sababu ya picha hii na maneno haya. Usichanganye mambo mawili mbele ya meza.

Kwa wanaodhani haya hayazai matunda: Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia meseji na simu za vitisho. Ilianzia kwenye malalamiko ya watu wa kawaida walioamua kuandika.

## Wewe uliyepokea meseji

Nusu ya barua zinatoka kwa wasiokopa hata senti. "Nimeambiwa mimi ni mdhamini wa mpangaji mwenzangu. Nifanye nini?"

- Hujawa mdhamini kwa kuandikwa tu. Kama hukukubali popote, hudaiwi.
- Wajibu mara moja tu, kwa maandishi: "Sikukubali kuwa mdhamini. Futa namba yangu. Ukinitumia tena nitalalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi." Kisha wazuie.
- Usiwatajie mkopaji anapoishi, anapofanya kazi wala namba yake nyingine, hata wakijifanya ni wa hospitali au wa mizigo ya zawadi.
- Usiisambaze meseji hiyo. Usiitupe kwenye kundi la kikoba, la kwaya, la madrasa, wala la wazazi wa darasa la tano. Mdai hana nguvu ya kufika kwenye makundi hayo. Wewe ndiye unayemfikisha.
- Mpigie mwenyewe. Mwambie: "Nimepata meseji, nimeifuta kwenye akili yangu, uko salama?" Sentensi hiyo ndiyo ninayowaombea wasomaji wangu wengi waliokopa, na wengi hawaipati.

Ukiwa mwajiri, ongeza moja: usimhukumu mfanyakazi kwa simu ya mtu usiyemjua. Muulize yeye.

## Makosa yanayojirudia

- Kumpa fundi wa simu, rafiki au "wakala wa mikopo" namba ya NIDA na PIN ili "akusaidie kupata". Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma ukaifute.
- Kulipa usiku wa manane kwa hofu. Maamuzi ya saa saba usiku wakati meseji zinamiminika ni mabaya karibu yote. Zima sauti, lala, lipa asubuhi ukiwa na daftari.
- Kujibu matusi kwa matusi. Kesho yatakuwa sehemu ya ushahidi, na yatakuwa ya kwako.
- Kutumia simu ya mama au ya mtoto kukopa kwa sababu ya kwako "imefungiwa". Sasa umewapa majina ya nyumba ya pili.
- Kumlipa mtu wa mtandaoni anayedai anaweza "kufuta jina lako kwenye mfumo". Hakuna mtu wa namna hiyo.

## Basi hela ya dharura itoke wapi?

Msinielewe vibaya, sisemi msikope. Kodi ya miezi mitatu inadaiwa kwa mkupuo, sare za shule zinakuja Januari pamoja na ada, na boda ikiharibika pete leo, leo hulali na hela. Watu wanakopa kwa sababu maisha ya hapa yanakuja kwa vipande vikubwa na kipato kinakuja kwa vipande vidogo.

Anza na anayekujua. Duka la Mangi lina daftari. Ukilipa madogo kwa wakati, siku ya kubwa atakusikiliza. Wenye nyumba wakiambiwa wiki mbili kabla, wengi hukubali nusu. Kijumbe wa mchezo anaweza kukubadilishia zamu na mwenzako kama kuna mgonjwa. Haya yote yanahitaji kufungua mdomo mapema, na najua kwa wengine kitufe cha simu ni rahisi kwa sababu hakikutazami usoni.

Kikoba kilichosajiliwa ni bora zaidi, kwa sababu riba inayolipwa inarudi kwenu wenyewe mnapogawana. Kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, bila riba. Haitakuokoa Ijumaa hii, maana kusajili kikundi na kusubiri kuna safari yake. Ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata ukiwa bado huna shida.

Kwenye simu kwenyewe, huduma za mitandao kama Songesha, Nivushe na Timiza zinapatikana ndani ya menyu ya kampuni ya simu, hazihitaji kupakua programu ya mtu, wala hazisomi majina yako. Si za bure. Ada zake ukizikusanya mwezi mzima zinauma, na ukizitumia kununua chakula cha kila siku zitakula kila kinachoingia. Zichukulie kama panadoli.

"Mimi nakopa kwenye programu na nalipa kwa wakati, sijawahi kusumbuliwa." Sawa, na natumaini itabaki hivyo. Nenda tu kafunge zile ruhusa leo, mkiwa bado mnapatana.

Na ukitembelea nyumbani wikiendi hii, shika simu ya mama yako kwa ruhusa yake, ufungue ukurasa wa programu pamoja naye. Ukikuta ya mikopo usiyoijua, usipaze sauti. Keti karibu naye umuulize taratibu: "Mama, hii imekudai kiasi gani?" Kisha mchukue daftari.